Wema Hauozi

Watu wengi huwapenda wacheza sinema kwa sura zao, nguo zao na maneno yao matamu. Katika somo hili tutasoma habari za mcheza sinema ambaye wapenzi wake wanamkumbuka pia kwa wema wake kwa watoto. Jina lake ni Audrey Hepburn.

1. Utoto wa njaa

Audrey alizaliwa tarehe 4 Mei, 1929, mjini Brussels, nchini Ubelgiji. Mama yake alikuwa Mholanzi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, mama alimpeleka Uholanzi akidhani kwamba huko kutakuwa salama. Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi hiyo.

Mwezi Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuwazuia Wajerumani wasisafirishe askari. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisipelekwe mijini. Baridi nayo ilikuwa kali, na mifereji ya maji ikaganda. Njaa ikaenea. Watu wapatao 20,000 walikufa. Wengine walichimba mizizi ya maua, iliyo kama vitunguu, wakaila.

Audrey alikuwa na umri wa miaka 15. Alikonda, akapungukiwa damu, na miguu yake ikavimba.

2. Msaada unafika

Vita ilipokwisha mwaka 1945, mashirika ya misaada yalileta chakula na dawa. Audrey alikuwa mmoja wa watoto waliosaidiwa. Mwezi Desemba 1946 Umoja wa Mataifa uliunda UNICEF, shirika la kuwahudumia watoto walioumizwa na vita. Baadaye shirika hilo lilipanua kazi zake hadi Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Audrey alipona. Alisomea dansi, kisha akaingia katika sinema. Mwaka 1953 alicheza kama binti wa mfalme katika sinema iitwayo Roman Holiday, akapata tuzo ya Oscar. Jina lake likajulikana duniani kote. Kuanzia mwaka 1967 alipunguza sana kazi ya sinema ili alee watoto wake.

3. Kulipa wema

Wahenga walisema, "Aliyeshiba hamjui mwenye njaa." Audrey alikuwa ameshiba na alikuwa na nyumba nzuri Uswisi. Lakini hakuisahau njaa.

Mwaka 1988 alianza kufanya kazi na UNICEF. Safari yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia, ambako kulikuwa na ukame na vita. Huko aliwatembelea watoto yatima waliokuwa na njaa. Mwaka huo huo alikwenda Uturuki kuhimiza chanjo. Mwaka 1989 alikwenda Sudan na Bangladesh, na mwaka 1990 Vietnam.

Katika safari hizo aliwabeba watoto wagonjwa bila kuogopa. Kila aliporudi, aliwaeleza waandishi wa habari na viongozi mambo aliyoyaona. Watu walikuja kumtazama mcheza sinema, naye akawaambia habari za visima, chanjo na uji. Wengi waliosikia walitoa michango.

4. Safari ya mwisho

Mwezi Septemba 1992 alikwenda Somalia, ambako vita na ukame vilikuwa vimeleta njaa kubwa. Aliporudi aliiomba dunia isiwaache watoto wale. Muda mfupi baadaye madaktari waligundua kwamba alikuwa na ugonjwa wa saratani. Alifariki dunia tarehe 20 Januari, 1993, akiwa na umri wa miaka 63.

5. Mafunzo

Waliompelekea chakula yule msichana mwaka 1945 hawakujua atakuwa nani. Walimwona mtoto mwenye njaa, wakamlisha. Zaidi ya miaka 40 baadaye, wema huo ulifika Ethiopia na Somalia. Nasi tunapochangia uji wa shule, au tunapompeleka mtoto wa jirani kliniki, hatujui mtoto huyo atawafaa watu gani kesho. Mtoto hawezi kungoja mavuno yajayo. Msaada wake ni wa leo.

Maneno mapya

Kugoma: kukataa kufanya kazi kwa sababu maalum.
Kulipiza kisasi: kumtendea ubaya aliyekutendea.
Chanjo: dawa ya kumkinga mtu na ugonjwa kabla haujampata.

Maswali

1. Kwa nini chakula hakikufika mijini Uholanzi?
2. UNICEF iliundwa mwaka gani, na kwa ajili gani?
3. Audrey alitumiaje jina lake kuwasaidia watoto?
4. Audrey aliishi miaka mingapi baada ya vita kwisha mwaka 1945? Fanyeni hesabu.

Majadiliano

Je, katika kijiji chetu kuna mtoto anayekwenda shule bila kula? Zungumzeni katika vikundi. Kisha kila kikundi kiandike mambo mawili yanayoweza kufanyika mwezi huu, na majina ya watakaoyafanya.