Laki Moja na Kona ya Sebule

Ujumbe wenu kuhusu mazoezi ya nyumbani nimeusoma wote, na karibu kila mmoja anauliza jambo lile lile: ninunue nini kwanza? Kuna wa Mbagala mwenye laki moja taslimu na chumba na sebule. Kuna wa Tabata aliyeona mtandaoni mashine ya kukimbilia, mtumba, akaniomba baraka zangu akope kwenye kikoba. Mdogo wangu, baraka hizo sina. Na kwa kuwa muuzaji anakusubiri, naanza na wewe.

Watu wamekutisha kuhusu LUKU, lakini hapo walikuonea bure. Mashine inayovuta wati 700 ukiitumia nusu saa inakula kama theluthi moja ya uniti. Umeme hautakufilisi. Shida ziko kwingine. Kwanza igeuze, usome kibandiko cha volti. Mashine nyingi za mtumba zinatoka mbali, na iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, wakati umeme wetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma, imekufa siku hiyo hiyo, na transfoma ya kubeba mota kama ile si ya bei ya karanga. Pili, ule mkanda unataka kupakwa mafuta ya silikoni kila baada ya muda, na ukichakaa utazunguka mjini kutafuta wa saizi yake. Tatu, pima mlango wako. Hilo watu hulisahau mpaka mzigo unapofika kwa kirikuu na vijana wanne wamesimama nje wakitazamana.

Tena nikuulize: unataka mashine ya nini, ya kutembea? Barabara unayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mbali na hizo, awe na siku mbili au zaidi za kuitumikisha misuli. Zile dakika 150 utazipata kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya kwako ukamalizia kwa mguu, mwendo wa haraka, wa kukufanya uheme kidogo. Hilo halina gharama. Linalotushinda wengi wetu ni lile la pili, la misuli, na ndiko pesa ya jimu ya nyumbani inakotakiwa kwenda. Kuanzia miaka ya thelathini misuli huanza kupungua kidogo kidogo usipoitumikisha, na sisi wanawake mifupa yetu hudhoofika haraka zaidi hedhi ikishakoma. Kwa hiyo laki yako ikatafute uzito.

Najua kuna mtu hapo keshakunja uso: dada, nisije nikawa na mabega kama baunsa. Hutakuwa nayo. Yale mabega yanatafutwa kwa miaka, kwa chakula cha kupimwa na homoni ambazo mwili wako una chembe tu. Wewe mwenyewe unayeogopa vyuma unajitwika ndoo ya lita 20 kutoka bombani, na hizo ni kilo 20 kamili, ukiachilia mbali ndoo yenyewe.

Turudi kwa wa Mbagala. Usitumie hata shilingi kwa wiki mbili za mwanzo. Tafuta kona ya sebule ambayo ukilala chali na kunyoosha mikono huigusi meza wala friji, na utafute saa. Kwa Dar, joto hili, mimi napenda saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapamba moto. Piga skwati za mwili mtupu, piga pushapu ukiwa umeegemea ukingo wa meza au ukuta kama za chini bado, jishikize planki. Siku tatu kwa wiki. Kama wiki mbili zikipita na kona haijatumika, basi laki yako imepona, kanunue kitu kingine bila kinyongo.

Kama imetumika, anza na sakafu. Vigae vikilowa jasho vinateleza vibaya, na mkeka wa ukili juu ya vigae unakwenda nao. Godoro nalo hapana, mguu unazama na kifundo kinacheza. Nunua ile mikeka ya sponji ya watoto, vipande vya kuunganisha, Kariakoo imejaa. Vipande sita hadi tisa vinatosha mtu mmoja, na ukimaliza unavipanga nyuma ya mlango. Chagua vigumu, vile ambavyo ukivibonyeza kwa kidole gumba haviachi shimo.

Baada ya sakafu, sidiria ya mazoezi. Hapa sitaki ubishi wala mtumba. Mtumba wa suruali, wa fulana, wa viatu, sawa, tena Karume utapata vizuri kuliko vya dukani. Lakini sidiria inafanya kazi kwa lastiki, na lastiki iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine imechoka hata kama kitambaa kinang'aa. Ijaribu kwa kuruka mara tatu ukiwa dukani. Muuzaji akicheka, acheke. Viatu si lazima kwa wanaoanza, skwati za pekupeku ni nzuri tu, ila ukitaka kuruka kamba vaa. Ukichagua vya mtumba, bonyeza soli kutoka pembeni. Iliyokauka kama ubao haikusaidii magoti, hata kiatu kiwe na jina gani.

Sasa uzito wenyewe. Wa kuanzia unao jikoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita tano ni kilo tano, la kumi ni kumi, na uzuri wake ni kwamba unaongeza lita kwa lita kadiri nguvu zinavyokuja. Kumbuka tu kuwa dumu lisilojaa linakuchezea, maji yanakwenda huku na huku na mkono unahangaika, basi kaza kifuniko na uanze taratibu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ukiijaza mchanga mkavu inakaribia kilo mbili na nusu, inakaa vizuri mkononi kwa mazoezi ya mabega. Na kiroba cha unga cha kilo 25, kile cha plastiki iliyofumwa, ukikijaza mchanga uliokwisha kufungwa kwenye mifuko miwili migumu ndani yake, unapata mzigo wa kukumbatia kifuani na kuchuchumaa nao. Usiruke hiyo mifuko ya ndani. Mchanga ukianza kuvuja sebuleni mtaufagia mpaka Krismasi.

Ukitaka chuma cha heshima, kuna kile cha zege ambacho vijana wa jimu za mtaani wamekuwa wakijitengenezea miaka yote. Watu wanakidharau kwa sababu wameona kilichotengenezwa ovyo. Tafuta makopo mawili ya rangi ya lita nne, yaliyo sawa, na bomba la chuma la inchi moja lenye urefu wa mita moja na robo hivi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutobolee kila ncha ya bomba na kupitisha kipande kifupi cha nondo kikatize. Bomba laini likiingia kwenye zege bila hicho kipande, baada ya miezi michache linalegea na kopo linazunguka peke yake ukiwa umelinyanyua. Zege unaweza kumwomba fundi anayejenga jirani, unahitaji kama ndoo ndogo ya lita kumi isiyojaa. Ukichanganya mwenyewe: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto ndogo vitatu, na maji kidogo tu. Mchanga wa ufukweni usiutumie, chumvi yake inakula chuma.

Simamisha bomba katikati ya kopo la kwanza, mimina, gongagonga kopo ubavuni hewa itoke, kisha funga bomba kwenye mguu wa meza ili lisimame wima. Liache siku mbili. Halafu linakuja lile linalowashinda wengi: kugeuza na kumimina upande wa pili huku kopo la kwanza liko juu, zito, linataka kuanguka. Hapo tafuta nguzo ya kweli na kamba mbili, moja juu moja chini, na mtu wa kutazama kutoka mbali akuambie kama limeinama. Upande wa pili ukikaa kombo, kila siku mkono mmoja utafanya kazi kuliko mwenzake na mgongo utalipa. Mwagilia kwa siku saba na uwe na subira, zege huendelea kukomaa mpaka siku ya 28. Kila kopo litakuja kama kilo tisa na ushee, na ukijumlisha bomba una chuma cha kilo 20 na kidogo. Ukitaka uhakika, kipeleke kwa kijana anayenunua vyuma chakavu, ana mizani ya kuning'iniza. Mwambie mapema kuwa huuzi.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote, lakini, ni cha bure au karibu na bure. Nenda kwa fundi baiskeli, mwombe mpira wa ndani wa tairi, ule uliokwisha kukataliwa. Kata sehemu yenye nozi uitupe, osha kwa sabuni, anika kivulini, paka poda kidogo usinate. Wa baiskeli ni laini, wa bodaboda ni mkaidi. Upitishe kwenye nondo za dirisha lako, shika ncha mbili, rudi nyuma, kisha vuta viwiko vikipita mbavuni na mabega yakirudi nyuma. Zoezi hili la kuvuta ndilo linalokosekana kwenye jimu nyingi za nyumbani. Watu wanapiga pushapu mwaka mzima, kifua kinakaza, na mgongo uleule unaoinamia simu na mashine ya kushonea unabaki umeachwa. Kagua mpira kila mara, ukiona ufa au kiraka kinachobanduka, uache, maana ukikatika unakuja usoni. Na kagua nondo zenyewe, kama kutu imezila shinani usizivute. Kuning'inia kwenye mnara wa simtenki ndiyo usiniambie kabisa.

Mpango hauna makuu. Kila siku ya mazoezi chagua kuchuchumaa kwa namna moja, kusukuma kwa namna moja, kuvuta kwa namna moja, na kubeba: shika madumu mawili, tembea uani kwenda na kurudi, mabega wima. Seti tatu. Ukifikisha mara kumi na mbili kwa raha katika seti zote, ongeza uzito. Usipoongeza, mwili unazoea na kutulia pale pale. Unapokinyanyua chuma kutoka chini, sukuma makalio nyuma, mgongo unyooke, chuma kikusugue karibu mapaja. Wale wanaoniuliza sitapu ngapi ziondoe tumbo: hakuna idadi. Sitapu zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayachagui kuondoka pale unapopataka. Mwenye presha, mjamzito, au aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, apite kliniki kwanza kabla ya kunyanyua chochote, na asibane pumzi wakati wa kunyanyua.

Kuhusu macho ya watu. Wengi mnaishi nyumba za uani, wapangaji sita, choo kimoja, na mkitoka na madumu kuna mtu atauliza mnaenda wapi. Mazoezi yanafanyika na dera vilevile, funga kanga kiunoni ipande kidogo isikukwaze. Unaweza pia kufunga mlango, chumba kinatosha kwa yote niliyosema isipokuwa kamba. Kamba ipige nje, tena jua likiwa limechomoza, kwani ukianza kuruka alfajiri ya saa kumi, baba mwenye nyumba ataitwa na atakuwa na haki. Chuma cha zege kitue juu ya sponji, kisiangushwe.

Kwa mwenye swali la mwisho, kwamba majirani wameshaanza kuja kuomba vifaa, je, awatoze? Mdogo wangu, usitoze, utaanzisha kesi. Chuma na madumu waachie wavitumie hapo hapo uani, ila visilale kwao. Mpira wa tairi waelekeze kwa fundi baiskeli wakachukue wao. Mikeka ya sponji usiazime, itarudi na alama za miguu ya kiti cha plastiki. Na yule aliyeomba sidiria ajaribu kwanza aone kama ataipenda, mwambie dada amekataa.