Ishike Kwanza, Ulipe Baadaye: Kijitabu cha Mnunuzi wa Simu Iliyotumika, Juba

Kijitabu hiki tumekiandika kwa ajili yako wewe unayezungumza Kiswahili mjini Juba na unatafuta simu kwenye Facebook au katika kundi la WhatsApp. Huenda wewe ni fundi wa ujenzi kutoka Uganda, mama lishe wa Konyo Konyo, dereva wa lori la Mombasa unayesubiri kushusha mzigo, au kijana uliyerudi kutoka Kakuma na Kiswahili ulichokulia nacho kambini. Simu mpya ni ghali na pauni haikai na thamani yake. Kununua simu iliyotumika si ujinga, na simu nzuri za namna hiyo zipo. Tunachotaka ni kwamba pesa uliyoitolea jasho isiende kwa tapeli.

Mtego wa arubuni

Tangazo huwa hivi. Picha safi ya Samsung au iPhone, bei nusu ya ile ya madukani. Muuzaji anasema ameiagiza Dubai au Kampala, imefika Nimule, inamalizia ushuru. Anaomba arubuni kidogo ili asimpe mtu mwingine. Ukituma, kesho yake anadai pesa ya ushuru. Keshokutwa ni nauli ya basi, halafu kibali ambacho hukuwahi kukisikia. Kila kiasi kinachoombwa ni kidogo kuliko ulichokwisha kutoa, kwa hiyo unaona heri umalizie kuliko kupoteza cha mwanzo. Hivyo ndivyo watu wenye akili zao timamu wanavyotuma pesa mara nne kwa simu ambayo haipo.

Uongo huu unaaminika kwa sababu umevikwa ukweli. Barabara ya Nimule ndiyo njia kuu ya bidhaa ziingiazo Juba, na kila mfanyabiashara anajua kwamba mizigo hukwama pale. Lakini jiulize: ushuru wa mali ya muuzaji unalipwaje na mnunuzi, tena kwa kutumwa kwenye laini ya mtu binafsi? Mwenye simu huilipia ushuru mwenyewe, huifikisha Juba, kisha huiuza. Ukisikia neno ushuru kabla hujaiona simu, katisha mazungumzo hapo hapo.

Kutuma pesa kwa simu kumerahisisha mambo mengi tangu m-GURUSH ilipoanza mwaka 2019. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu cha Juba, gurush, yaani pesa. Ila wepesi huo humfaa na mwizi. Pesa ikishaingia kwenye laini yake na akaitoa kwa wakala, huna tena cha kurudishiwa. Nawe unayeuza jihadhari vilevile: ujumbe wa kwamba umepokea pesa unaweza kughushiwa na kutumwa kutoka nambari yoyote. Usiuamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kabla simu haijaondoka mkononi mwako.

Kumbuka pia kamba inayokuunganisha na muuzaji wa mtandaoni ilivyo nyembamba. Januari 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Taifa iliamuru Facebook na TikTok zifungwe nchini kwa sababu ya video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, na zilifunguliwa baada ya siku chache. Aliyekuwa anamfahamu muuzaji wake kwa Facebook tu, siku hizo hakuwa na mlango wa kubisha. Na tapeli hahitaji amri ya serikali: hukufungia mwenyewe kwa kidole kimoja.

Simu haijawa yako mpaka imwachie mwenyewe

Hapa tunakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo hata mnunuzi aliyeishika simu na kuikagua kioo huumia. Simu ya siku hizi humkumbuka mwenyewe. Tangu Septemba 2013 Apple imeweka kufuli linaloifunga iPhone kwa akaunti ya mmiliki, na simu za Android zina kinga ya namna hiyo tangu 2015. Mwizi anaweza kufuta picha, majina na ujumbe wote, lakini simu ikiwashwa upya hudai akaunti ya mtu wa kwanza. Bila nenosiri lake, umenunua kioo na betri.

Tapeli anajua hilo, ndiyo maana hukuletea simu ikiwa tayari imewashwa na inafanya kazi. Unapiga picha, unapiga simu, unaridhika. Wiki ya pili unaifuta ili uanze upya, au mwenyewe aliyeko Nairobi anaifunga kwa mbali, na hapo ndipo kufuli linapojitokeza. Kwa hiyo usikubali kukabidhiwa simu iliyokwisha kuwashwa na kupangwa. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, aifute simu yote, kisha uiwashe wewe, uiunganishe na intaneti na uingize akaunti yako. Inachukua muda, pengine nusu saa. Muuzaji wa haki atakaa nawe anywe chai. Anayesema ana haraka, mwache aende na haraka yake.

Kuna simu nyingine ambazo si za wizi kwa maana ya kawaida, ila zina deni. Kenya, Uganda na Tanzania zipo kampuni zinazouza simu kwa mkopo: mteja hutanguliza kiasi, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Ndani ya simu huwekwa programu inayoifunga mteja asipolipa. Mtu akichoka kulipa na kuiuza simu hiyo ng'ambo ya mpaka, anayeinunua amenunua na deni. Wapo mafundi wanaoflashi simu kama hizi, na kwa muda huonekana huru. Sasisho moja la programu linaweza kulirudisha kufuli. Ukiona kwenye skrini au katika mipangilio jina la kampuni ya mikopo, au onyo kwamba kifaa kinasimamiwa na wengine, irudishe.

Nambari ya simu yenyewe

Bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Tarakimu 8 za mwanzo hutambulisha modeli. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na 14 zinazoitangulia, kwa hiyo nambari iliyobuniwa ovyo mara nyingi hujifichua. Ilinganishe na iliyo kwenye mipangilio, kwenye boksi na kwenye risiti. Zikitofautiana, simu na boksi havikuzaliwa pamoja.

Majirani zetu walijifunza uzito wa nambari hii kwa uchungu. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016, na watu walioona wamepata bei nzuri waliamka na simu zisizoshika mtandao. Tanzania iliweka huduma ya kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili ujibiwe aina ya simu. Kama una ndugu Dar es Salaam, mpe IMEI umwombe aitume huko kabla hujalipa. Jibu likitaja Nokia nawe umeshika kitu kilichoandikwa Samsung, umepata jibu lako.

Siku ya kukutana

Chagua mahali wewe, mchana, penye watu: mbele ya kituo cha huduma cha kampuni ya simu, au duka la fundi unayemjua. Muuzaji akibadilisha mahali dakika ya mwisho na kukuita kwenye kichochoro cha Gudele, usiende. Nenda na mwenzako. Nenda na laini yako, chaja na vifaa vya masikioni. Piga simu, pokea, fungua intaneti, rekodi video ya dakika kadhaa uicheze tena, na usiiamini tu nafasi iliyoandikwa, maana simu za bandia hudai ukubwa zisiokuwa nao. Betri iangalie kwa makini kuliko kamera. Machi 2024 joto lilizidi mpaka serikali ikafunga shule nchini, na betri chakavu katika joto la namna hiyo huvimba. Kioo kikiwa kimeinuka pembeni, sababu mara nyingi ni hiyo.

Bei kubalianeni mapema: dola au pauni, na kwa kiwango gani. Magomvi mengi huanzia hapo, mtu akiwa tayari ameshika noti. Ukishaikagua simu, isitoke mkononi mwako. Mtu akiichukua "nikuwekee kwenye boksi", fungua boksi tena. Nairobi na Kariakoo watu wamekwisha kurudi nyumbani na kipande cha sabuni.

Andikianeni karatasi: jina la muuzaji, nambari yake, IMEI, bei, tarehe, sahihi mbili. Hii si dharau kwa muuzaji. Sheria ya Makosa ya Jinai ya 2008 inahesabu kuwa ni kosa kupokea mali ya wizi kwa kujua, na karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea polisi wakija.

Ukishatapeliwa

Piga simu mara moja kwa kampuni uliyotumia kutuma pesa, kabla ya kumpigia tapeli kumlaumu. Kila dakika unayotumia kumlaumu ni dakika yake ya kwenda kwa wakala. Hifadhi picha za mazungumzo, tangazo na ujumbe wa malipo, kisha nenda polisi. Mtu atakayekuambia anaweza kukurudishia pesa kwa ada kidogo ni tapeli wa pili. Na waambie wenzako kwenye kundi. Tunajua aibu inavyofunga mdomo, lakini nambari ile ile inatumika kesho kwa mwingine.

Ukurasa wa mwisho tumeuacha wazi. Bonyeza *#06# kwenye simu unayoitumia sasa, andika humo tarakimu zake 15 kwa kalamu, na kijitabu ukiache nyumbani, ili simu ikiibwa isiondoke na nambari yake.