Nusu Shekeli na Kishikwambi: Shule Inapomtaka Mzazi Anunue Kifaa



Mzazi wa Litapunga anayempeleka mtoto shule ya bweni anaijua karatasi ya maelekezo ya kujiunga. Inataja sare, godoro, shuka, ndoo, jembe, kwanja, rimu ya karatasi na fedha ya tahadhari. Miaka ya karibuni, katika baadhi ya shule zisizo za serikali nchini, orodha hiyo imeongezewa mstari mmoja: kishikwambi au kompyuta mpakato, kifaa kimoja kwa kila mwanafunzi. Kwingine kifaa hakitajwi, lakini kazi za likizo zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Asiye na simu janja anajua mwenyewe la kufanya.

Katika somo hili hatuulizi kama teknolojia ni nzuri au mbaya. Tunauliza swali la haki: je, shule ina haki ya kumtaka kila mzazi anunue kifaa kama sharti la mtoto kusoma? Jibu ninalotaka kulionyesha ni hili: kinachodaiwa kwa kiwango kimoja kwa watu wote lazima kiwe kidogo kiasi cha kufikiwa na aliye wa mwisho, kikiwa kikubwa, lazima kiwekewe ngazi.

1. Hali ilivyo

Tuanze na sheria za nchi. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, serikali iliondoa ada na michango ya lazima katika elimu msingi ya shule za umma kuanzia Januari 2016. Mzazi alibaki na wajibu wa sare, madaftari na mahitaji mengine ya mtoto. Januari 2018, baada ya malalamiko kwamba watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, Rais John Magufuli aliagiza michango hiyo ikome. Kwa hiyo tatizo letu liko hasa katika shule binafsi na shule za taasisi za dini. Hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu nyingi kati ya hizo ni shule za Kanisa.

Halafu tuangalie kalenda. Shule zinafunguliwa Januari, na huku kwetu Katavi Januari ni mwezi wa jembe. Mvua zilizoanza Novemba zimekolea, mahindi yanataka palizi, tumbaku inataka mbolea. Fedha ya mavuno yaliyopita imekwisha, na mkopo wa pembejeo umeshachukuliwa kupitia chama cha msingi. Fedha ya tumbaku itaonekana masoko yakifunguliwa, mtoto akiwa amekwisha kusoma miezi kadhaa. Mzazi anayeambiwa alete kifaa Januari anadaiwa katika mwezi ambao hana kitu hata kama mwaka mzima si maskini sana.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme kishikwambi ni shilingi 300,000, na kibarua wa palizi analipwa shilingi 5,000 kwa siku. Hizo ni siku 60 za jembe, bila kula wala kununua chumvi. Na kifaa hakinunuliwi mara moja tu. Kinataka bando, kinataka chaji (na asiye na umeme nyumbani analipia kuchaji dukani), kinataka fundi kioo kikipasuka. Gharama hizo haziandikwi kwenye orodha, lakini zinalipwa na mzazi yuleyule.

2. Maandiko Matakatifu: mizani mbili

Katika Agano la Kale tunakuta namna mbili za kudai mchango, na zote mbili ni za haki.

Namna ya kwanza iko katika Kutoka 30:11-16. Kila mwanamume wa miaka ishirini na zaidi alitoa nusu shekeli kwa ajili ya huduma ya hema la kukutania. Tajiri hakuruhusiwa kuongeza, na maskini hakuruhusiwa kupunguza. Wote walikuwa sawa mbele za Mungu. Lakini tuangalie kiasi chenyewe. Nyakati za Injili kodi ya hekalu ilikuwa drakma mbili, yaani kama ujira wa kibarua wa siku mbili. Usawa huu uliwezekana kwa sababu kiasi kilikuwa kidogo.

Namna ya pili iko katika Mambo ya Walawi 5:6-13. Anayetoa sadaka kwa ajili ya kosa lake alete mwanakondoo au mbuzi. Asipoweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asipoweza hata hao, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga. Kwa kuwa mnyama ni mali kubwa, sheria ikaweka ngazi, na aliyeko kwenye ngazi ya chini hakuhesabiwa kuwa nusu mwamini. Sadaka yake ilipokewa kikamilifu kama ya mwenye kondoo.

Ngazi ya namna hiyo iko pia katika sheria ya mwanamke aliyejifungua (Walawi 12:8), na Familia Takatifu waliitumia. Luka 2:24 anatuambia kwamba Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege. Sheria isingekuwa na ngazi, mama wa Mkombozi angesimama mlangoni akiwa hajakamilisha orodha.

Hapa wengine hutaja mjane maskini aliyetoa senti zake mbili (Marko 12:41-44), kana kwamba Injili inamsifu mzazi anayejinyima mpaka mwisho. Ni kweli Bwana anamsifu. Lakini mjane yule alitoa kwa moyo wake. Hakuna aliyemwandikia orodha. Na mistari michache kabla ya hapo (Marko 12:40) Yesu anawalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Ukarimu wa maskini ni fadhila yake yeye, na mtu mwingine hana haki ya kuugeuza kuwa sharti.

3. Mwanga wa falsafa

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anatofautisha usawa wa hesabu na usawa wa uwiano. Usawa wa hesabu unafaa katika kuuziana na kulipana: kilo ni kilo, awe amenunua nani. Katika kugawana mema na mizigo ya jamii, haki hufuata uwiano. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaupokea mgawanyo huu katika Summa Theologiae (Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 61), anapoeleza haki ya mabadilishano na haki ya mgawanyo.

Basi shule ni nini? Ingekuwa duka, haki ya mabadilishano ingetosha: lipa upewe, usipolipa ondoka. Lakini shule, na hasa shule ya Kanisa, ni jumuiya inayogawana mizigo kwa ajili ya malezi ya watoto wote. Hapo haki ya mgawanyo inadai uwiano. Kuwaambia wazazi wote walete kitu kilekile cha bei ileile ni usawa wa hesabu uliowekwa mahali pasipo pake.

Thoma anatusaidia pia katika swali la 32, kipengele cha 6, anapouliza kama mtu anapaswa kutoa sadaka kutoka katika mahitaji yake. Anajibu kwamba kile ambacho bila hicho mtu na watoto wake hawawezi kuishi, kwa kawaida hapaswi kukitoa, maana ni kama kujiondolea uhai yeye na walio wake. Tufuate hoja hiyo. Ikiwa hata sadaka, tendo la upendo, haidaiwi kutoka katika chakula cha watoto, kifaa cha shule kinadaiwaje kutoka humo? Mahindi yaliyobaki ghalani mwezi wa Januari ndicho chakula chenyewe.

4. Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo (Gravissimum Educationis) la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Shule inawasaidia wazazi katika wajibu huo, haiwatawali. Tamko hilohilo, namba 9, linazitaka shule katoliki ziwajali kwa namna ya pekee walio maskini wa mali ya dunia hii. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, kanuni ya 797, unasema wazazi wawe na uhuru wa kweli wa kuchagua shule, na unataja haki ya mgawanyo pale unapozungumzia msaada wa kuulinda uhuru huo. Uhuru wa kuchagua shule ambayo orodha yake imekufungia mlango umebaki jina tu.

Kuna pia kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI katika Quadragesimo Anno mwaka 1931. Tunaikumbuka zaidi kwa upande mmoja: chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ya chombo kidogo. Upande wa pili ni kwamba kilicho kikubwa kikisaidie kidogo pale nguvu zake zinapokoma. Shule inayoutua mzigo wake wote kwenye familia, ambayo ndiyo chombo kidogo kuliko vyote, imeigeuza kanuni hii kichwa chini.

5. Hoja za kupinga na majibu yake

Hoja ya kwanza: "Shule binafsi ni mapatano. Mzazi ameichagua mwenyewe." Jibu: mapatano ya haki yanataka masharti yajulikane kabla. Mara nyingi sharti la kifaa huja mtoto akiwa tayari darasani, na kumhamisha ni gharama nyingine. Na hata mapatano ya hiari yanaweza kukosa haki pale upande mmoja unapokubali kwa kukosa njia. Papa Leo XIII alilisema hilo kuhusu ujira wa mfanyakazi katika Rerum Novarum, mwaka 1891.

Hoja ya pili: "Dunia imebadilika, mtoto asiye na kifaa ataachwa nyuma." Hoja hii ina ukweli, tusiidharau. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na kwa shule yenye kitabu kimoja kwa wanafunzi wengi hiyo ni neema. Lakini kinachohitajika hapo ni mtoto kukifikia kifaa. Si lazima awe mwenye kifaa. Majirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Utekelezaji ulipoanza mwaka 2016 ukawa wa vishikwambi, na zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake: baadhi ya vifaa viliibwa, vingine vililala kabatini. Lakini kifaa kilikuwa cha shule, na mtoto wa maskini alikishika sawa na mwenzake.

Hoja ya tatu: "Wazazi wana fedha za harusi na pombe, za shule hawana." Wapo wa namna hiyo, na wanastahili kuonywa kama watu wazima. Lakini sheria inayotungwa kwa kumtazama mlevi itamwangukia kwanza mjane. Na anayerudishwa getini ni mtoto, ambaye hakunywa.

6. Yanayowezekana

Kutoka katika kanuni yetu yanafuata mambo ambayo bodi ya shule, paroko na kamati ya wazazi wanaweza kuyafanya.

Kwanza, shule iseme wazi ni somo gani haliwezi kufundishwa bila kifaa. Lisipopatikana, mstari ufutwe.

Pili, vifaa viwe vya shule. Chumba chenye kompyuta 20 zinazotumiwa kwa zamu kinaweza kuhudumia madarasa kadhaa, na mchango wa kila mzazi ukashuka ukakaribia nusu shekeli.

Tatu, ikibidi mzazi anunue, pawe na ngazi kama za Walawi. Anayeweza alipe Januari. Mkulima alipe baada ya mauzo ya mazao. Asiyeweza kabisa, mtoto wake atumie cha shule. Na mwenye uwezo alipie na mwenzake, kama sarafu ile ya mdomoni mwa samaki iliyomlipia Bwana pamoja na Petro (Mathayo 17:27).

Nne, ngazi hizo zibaki siri ya ofisi. Mtoto anayetajwa mstarini asubuhi kwamba hajakamilisha amekwisha kufundishwa somo baya kabla ya kipindi cha kwanza.

Tano, jumuiya ndogondogo ziyajue mahitaji haya mapema. Kikundi cha kuweka na kukopa kikianza kuchangishana Julai, msimu wa fedha, Januari haitakuwa na vitisho.

Ndugu zangu waseminari, wengi wetu siku moja tutakabidhiwa shule za parokia, na sisi ndio tutakaoiandika orodha ile. Kabla ya kuweka sahihi, tujiulize swali moja: Yosefu na Maria wangefika na karatasi hii wakiwa na ndege wao wawili, mtoto wao angepokewa?

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni mtoto gani aliyechelewa kuanza shule mwaka huu kwa sababu ya orodha? Tumemfanyia nini?
2. Ni mahitaji gani ya shule yanayofanana na nusu shekeli, na ni yapi yanayofanana na mwanakondoo?
3. Wazazi wa jumuiya yetu wanashiriki vipi katika uamuzi wa shule kabla orodha haijaandikwa?
4. Sisi wenye uwezo kidogo zaidi, tuko tayari kulipia wa pili?