Parasetamoli ya Watoto: Soma Nambari za Chupa Kabla ya Kupima

Mtoto akishikwa na homa usiku, wazazi wengi wa Kibera na Kawangware hukimbilia duka la dawa lililo karibu kununua parasetamoli ya maji, ambayo wengi huiita Panadol hata kama chupa ina jina lingine. Dawa hii ni salama mtoto akipewa kipimo chake. Ikizidi, huharibu ini.

Chupa hizi hazina nguvu sawa. Moja huandikwa 120 mg/5 ml, nyingine 250 mg/5 ml. Miligramu (mg) ni kiasi cha dawa yenyewe. Mililita (ml) ni kiasi cha maji yanayoibeba. Kwa hivyo ml 5 za chupa ya pili zina dawa zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza.

Jinsi ya kupiga hesabu

1. Pata uzito wa mtoto. Huandikwa kwenye kijitabu cha kliniki kila anapopimwa.

2. Zidisha kilo kwa 10, kisha kwa 15. Mtoto wa kilo 12 anahitaji kati ya mg 120 na mg 180 kwa mara moja.

3. Gawanya miligramu hizo kwa nambari ya mg iliyo kwenye chupa, kisha zidisha kwa 5.

Kwa chupa ya 120 mg/5 ml, 180 ÷ 120 × 5 = ml 7.5. Kwa chupa ya 250 mg/5 ml, 180 ÷ 250 × 5 = ml 3.6. Hicho ndicho kiwango cha juu cha mtoto huyo kwa mara moja.

Tuseme mtoto huyo anaishi Kibera na mamake, na wikendi yuko kwa nyanyake Kawangware. Mama anapiga simu: "Mpe saba na nusu." Chupa ya nyanya ni ya 250. Mtoto atapata mg 375 badala ya 180. Akipewa hivyo mara nne kwa siku, atakuwa amemeza mg 1,500, kiasi cha hatari. Mama angetaja miligramu, au amwambie nyanya asome lebo kwanza, kosa hilo lisingetokea.

Mambo ya kuzingatia

• Subiri angalau saa 6 kabla ya kumpa tena. Usizidishe mara 4 kwa saa 24.

• Pima kwa sirinji isiyo na sindano au kifuniko chenye alama. Vijiko vya jikoni havitoshani.

• Soma lebo ya dawa ya mafua pia, kwani nyingi zina parasetamoli ndani.

• Mtoto wa chini ya miezi 3 apelekwe kwa mhudumu wa afya kabla ya kupewa dawa.

• Parasetamoli hushusha homa, haitibu malaria wala nimonia. Homa isiyoisha ichunguzwe kliniki.

Mtoto akizidishiwa dawa, apelekwe hospitali mara moja, kama vile Mbagathi, pamoja na chupa yenyewe. Asingojewe aonyeshe dalili: siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima huku ini likiendelea kuumia. Akiwahishwa, ipo dawa ya kulikinga.