Mpira Mwembamba, Mabehewa Mazito: Mafunzo Niliyopata kwa Vichwa vya Treni vya Zamani

Vichwa vya treni za modeli vya Märklin vilivyotengenezwa Göppingen, kusini mwa Ujerumani, miaka ya 1960 na 1970 viliundwa vidumu. Vina fremu nzito ya zinki na gia imara, na mota yake unaifungua kwa bisibisi ukaisafisha mezani. Ninavinunua kwenye masoko ya mitumba hukohuko Ujerumani, vimelala kwenye maboksi tangu watoto wa nyumba walipokua. Ukiviwekea umeme, vingi vinaamka. Kinachokuwa kimekwisha ni ule mpira mwembamba uliovishwa kwenye magurudumu machache ili kichwa kishike reli. Ndani ya kichwa chote hakuna kitu cha bei rahisi kuliko huo, lakini ndio unaoamua kama kitapanda mlima na mabehewa yake.

1. Jua kwanza mpira unafanya kazi gani

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, mbona magurudumu yanakimbia na treni haiendi?" Swali lake ndilo kiini cha jambo zima. Chuma juu ya chuma huteleza. Treni ya kweli husaidiwa na tani zake, na hata hivyo injini za mvuke zilibeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu mlima ukizidi au reli zikilowa. Modeli ya kipimo cha H0 ni ndogo mara 87 kwa urefu. Lakini inapungua pia kwa upana na kwa kimo, kwa hiyo uzito unashuka mara 658,503. Injini ya tani 80 ingebaki na gramu 121 hivi. Hata mtengenezaji akijaza zinki ndani yake, uzito peke yake hautoshi kuvuta mabehewa kwenye kona na mwinuko. Hapo ndipo mpira unapoingia.

2. Pasipo mfereji, usivishe mpira

Watu huniletea vichwa vya kila aina wakiomba niwavishie mipira. Kabla ya lolote mimi hugeuza kichwa juu chini na kutafuta mfereji mwembamba uliochongwa kuzunguka gurudumu. Kama haupo, mtengenezaji alitumia njia nyingine. Kampuni ya Lionel ya Marekani, kwa mfano, mwaka 1950 ilileta mfumo wa Magne-Traction: sumaku ndani ya kichwa, ili magurudumu yavutwe na reli za chuma. Mwaka 1952, vita vya Korea vilipofanya malighafi ya sumaku kuwa adimu, vichwa vilitoka bila sumaku hizo. Ukivisha mpira kwenye gurudumu la namna hiyo, unalinenepesha tu, na kichwa kinaanza kuyumba.

3. Kazi kubwa ni kuondoa wa zamani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sioni sababu ya kuharakisha. Mpira wa miaka hamsini hautoki kama mpira. Upande mmoja umekauka na unakatika vipande ukiugusa kwa sindano. Upande wa pili umeyeyuka, umekuwa uji mweusi ulioganda ndani ya mfereji pamoja na nyuzi za zulia na nywele. Mimi hukata kipande kigumu kwa ncha ya sindano, nikakivuta kwa kibanio, kisha nikaingia na kijiti cha meno kilicholowekwa spiriti. Kijiti ni cha mti kwa makusudi. Kisu au bisibisi hukwaruza sakafu ya mfereji, na kila mkwaruzo utaula mpira mpya kutoka chini. Nageuza gurudumu kidogokidogo hadi pamba nyeupe itoke nyeupe. Uchafu ukibaki mahali pamoja, mpira mpya utainuka hapo, na kichwa kitachechemea kila mzunguko.

4. Ukubwa usikisiwe kwa jicho

Märklin huuza mipira hii kwa paketi za vipande kumi, na kila ukubwa una namba yake: 7152, 7153, 7154 na kuendelea. Kwa macho inafanana sana. Karatasi ya vipuri ya kichwa husika ndiyo mwongozo bora. Kama haipatikani, napima kipenyo cha sakafu ya mfereji kwa kalipa, pamoja na upana na kina chake. Mpira unatakiwa uwe mdogo kidogo kuliko mfereji ili ujishike wenyewe bila gundi. Ukibana mno, unavutika ukawa mwembamba, unazama chini ya usawa wa gurudumu na haugusi reli kabisa. Ukilegea, unatembea, unatoka kwenye kona na kujisokota kwenye ekseli. Naupitisha ukucha kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mpira: ukucha ukipita bila kukwama wala kudumbukia, ukubwa ni sahihi.

Kuna wanaotumia ringi za mpira za mabomba ya maji. Sizipendi. Unene wa ringi ni wa mviringo, si bapa, kwa hiyo inagusa reli kwa mstari mmoja tu na kuliinua gurudumu.

5. Fito zisikutishe

Kwenye injini za mvuke magurudumu yameunganishwa kwa fito, na wengi hukata tamaa wakiziona. Mara nyingi huhitaji kuzifungua. Unaupitisha mpira kwa kibanio kati ya ufito na gurudumu, sehemu moja inaingia mfereji, unaishikilia kwa kidole, kisha unageuza gurudumu taratibu na mpira unajivisha wenyewe. Nafasi ikiwa finyu, fungua skrubu ya ufito upande huo mmoja na uiweke kwenye kisahani, kwa sababu ikidondoka sakafuni utaitafuta mpaka usiku.

Baada ya kuvisha, ingiza kijiti cha meno chini ya mpira na uzungushe gurudumu mzunguko mzima. Hatua hii watu huiruka, nami naishikilia kuliko zote. Mpira uliovutwa kwa mkono una upande mnene na upande mwembamba; kijiti kinausambaza ukakaa sawa, na msokoto wowote unafunguka.

6. Oili ni adui

Tone la oili kwenye ekseli hutambaa taratibu hadi kwenye gurudumu. Mpira unalinyonya, unavimba, unalegea. Mimi huweka oili kwa ncha ya sindano, kisha nafuta ziada palepale. Reli nazo ziwe kavu.

7. Usisahau umeme

Mpira haupitishi umeme. Kwenye mfumo wa Märklin hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa umeme huingia kupitia kipande cha chuma kinachoteleza juu ya vichomozo vya katikati ya njia, na kurudi kupitia reli zote mbili. Gurudumu lolote la chuma linatosha kuurudisha. Kwenye mifumo ya reli mbili, kila reli ina upande wake wa umeme, na gurudumu lenye mpira limejitoa kazini. Hapo magurudumu yaliyobaki lazima yawe safi na yote yaguse chini. Mpira ulio mnene kidogo tu unayanyanyua na kichwa kinasimamasimama njiani.

8. Acha magurudumu yateleze inapobidi

Kichwa kisicho na mpira kikilemewa, magurudumu huteleza na mota haidhuriki. Chenye mpira mpya kinang'ang'ania. Mzigo ukizidi, mota inaweza kusimama ikiwa na umeme, na waya zake zikapata moto. Kwa hiyo, baada ya kuvisha, nakishika kichwa kwa kidole kwa mwendo mdogo, kwa sekunde moja mbili. Magurudumu yakizunguka chini ya kidole, niko salama. Mota ikinyamaza, nakata umeme mara moja na kupunguza mabehewa.

Mipira ya akiba naiweka ndani ya kopo lililofungwa, mbali na jua, na namba yake imeandikwa juu. Kichwa kisichotumika nakilaza ubavu ndani ya boksi lake, ili uzito usiubonyeze mpira mahali pamoja kwa miezi.