CHUI WA PORI YETU
Somo kwa wale wanaotaka kwenda staji mbali



Siku hizi wengi kati yetu tunauliza ulizo moja: mtu anafanya namna gani ili aende Ulaya au Marekani kufanya staji juu ya nyama wa pori na miti? Ulizo ni zuri, hatulikatai. Lakini tusisahau kwamba vijana wa inchi zile nao wanaandika barua wakiomba kuja kufanya staji katika mapori kama hii ya Ituri. Wanatafuta huku kitu ambacho kwao hakuna. Basi katika somo hili tutaangalia mambo matatu: wanakuja kusoma nini, kazi yenyewe iko namna gani, na sisi tuliozaliwa karibu tuanzie wapi.

I. PAKA WA PORI NI NANI?

Timu ya mpira ya taifa letu inaitwa Léopards, maana yake Chui. Ilikamata kombe la Afrika 1968 na tena 1974. Kichwa cha chui kiko katika nembo ya Jamhuri. Kila mtoto anajua jina hili. Lakini ni nani kati yetu amekwisha kumwona chui wa pori kwa macho yake? Karibu hakuna.

Simba si nyama wa pori kubwa, yeye anapenda pahali pa majani. Hata mondo, yule paka wa miguu mirefu na masikio makubwa, anakaa katika majani. Ndani ya pori ya Ituri kuna paka wakubwa wawili tu. Wa kwanza ni chui. Wa pili wazungu wanamwita paka wa dhahabu. Yeye ni mdogo kuliko chui, lakini anapita paka wa nyumbani mara mbili au tatu. Wengine ni wekundu, wengine wa rangi ya majivu. Anaishi Afrika tu, na katika Afrika ni katika mapori ya mvua. Pori ikiisha, yeye hana pahali pengine pa kukimbilia.

II. NAMNA YA KUMSOMA NYAMA ASIYEONEKANA

Chui anatembea hasa wakati hakuna watu, na akikusikia anatoka njiani kimya. Basi mtafiti anafanya nini?

Njia ya kwanza ni kufuata alama: nyayo katika udongo, makucha kwenye mti, na mavi njiani. Msicheke! Mavi ni kitabu. Wanayakusanya, wanayaosha katika maji, wanayakausha, halafu wanatafuta ndani yake mifupa, kwato na manyoya. Manyoya wanayatazama kwa mikroskopu ili kujua nyama gani aliliwa. Na kwa sababu paka hujilamba, mara nyingi manyoya yake mwenyewe yako ndani pia, nayo yanaonyesha ni paka gani aliyepita.

Kwa njia hii kazi kubwa ilifanywa kule Epulu, katika wilaya ya Mambasa. John Hart na Terese Hart, Wamarekani, walifika katika inchi yetu tangu miaka ya 1970, wakasoma pori ya Ituri kwa miaka mingi. 1996 ilitoka makala juu ya chakula cha chui na cha paka wa dhahabu. Majina ya waandishi yako matatu: Hart, Katembo na Punga. Tazama vizuri: mawili kati ya matatu ni majina ya watu wa kwetu. Walionyesha kwamba chui wa Ituri anakula hasa mboloko na ndugu zake wakubwa, tena nyani na kima. Paka wa dhahabu anakula zaidi panya wa pori, pamoja na mboloko wadogo. Kwa hiyo wawili hawa wanaweza kukaa pori moja bila kunyang'anyana sahani.

Njia ya pili ni kamera inayofungwa kwenye mti. Nyama akipita, inapiga picha yenyewe, hata usiku. Wanafunga mbili zinazotazamana, kwa sababu madoa ya chui upande wa kushoto hayafanani na ya upande wa kuume. Madoa ni kama alama ya kidole: hakuna chui wawili walio na madoa sawasawa. Hivi wanaweza kuhesabu ni chui wangapi waliopita.

III. KAZI YA STAJI IKO NAMNA GANI?

Wengi wanafikiri staji ni ndege, hoteli na picha. Kumbe kazi ni kutembea. Unaamka mapema, unafuata njia iliyokatwa katika pori, unavuka mito, unaumwa na siafu, unaandika katika kaye kila kitu: saa, pahali, alama, mvua. Jioni unaandika tena kwa usafi. Kesho hivyo hivyo. Siku nyingi zinapita bila kuona kitu, na hata siku ile sherti uandike kwamba hukuona kitu. Anayeandika uongo anaharibu kazi ya wote.

Na mwalimu wa kwanza katika pori si profesa. Ni Mmbuti anayetangulia mbele. Yeye anajua nyayo hii ni ya jana au ya asubuhi. Mgeni mwenye diploma kubwa asipomsikiliza atapotea.

IV. MTU ALIYETOKA EPULU AKAFIKA MBALI

Corneille Ewango alisoma Kisangani, akafanya kazi ya mimea kule Epulu, katika Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa 1992. Vita vilipokuja, tangu 1996 mpaka 2003, wakubwa wengi waliondoka. Yeye alibaki. Alificha mimea iliyokaushwa, makaratasi na kompyuta ili wenye silaha wasiharibu, na alikaa miezi akijificha katika pori. 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Alisoma Marekani, katika chuo kikuu cha Missouri kule St. Louis, halafu Uholanzi, kule Wageningen, akapata udaktari 2010. Alisomea nini kule mbali? Kamba za pori ya Ituri, zile zinazopanda miti, ambazo sisi tunazikata kwa panga bila kuzitazama.

Hii ndiyo maana ya somo letu. Inchi ya mbali ilimpokea kwa sababu alikuja na kitu mkononi: alijua pori ya kwao.

V. HATARI

Chui amekatazwa kuuawa, na sheria ya 2014 juu ya kulinda viumbe iko wazi. Lakini anayemmaliza zaidi si mwenye bunduki tu. Ni kitanzi cha waya. Wavu wa Wambuti unakamata nyama mbele ya macho ya mtu, naye anaona ni nani. Waya haina macho. Imetegwa kwa mboloko, inakamata okapi, inakamata paka, na mara nyingi nyama anaoza pale kabla mwenyewe hajarudi. Tena mboloko wakiisha, chui atakula nini? Tuseme kweli: nyama ile inafika mpaka soko letu, na sisi tunaikula bila kuuliza ilitoka wapi.

Hatari ya pili ni silaha. Tarehe 24 Juni 2012 wenye silaha walishambulia Epulu. Waliua watu, na kati yao walinzi wa hifadhi. Okapi wote 14 waliofugwa kituoni walikufa. Kwa hiyo hatumwambii mtu aende porini peke yake. Mtu anakwenda na ruhusa ya ICCN na pamoja na wenyeji, au anangojea.

VI. TUANZIE WAPI?

Mithali sura ya 6 inamtuma mvivu kwa chungu, atazame njia zake. Huo ni utafiti, na hauombi pasiporti. Chukua kaye moja. Andika kila siku ndege, mdudu au nyayo uliyoona karibu na shule. Uliza wazee majina kwa Kibila, Kilendu, Kihema au Kindaka, uandike kabla hayajapotea. Shika sana biolojia, Kifaransa na Kiingereza. Siku utakapoandika barua ya kuomba staji, iwe Kisangani, iwe Uganda, iwe Ulaya, utatia ndani mambo uliyoyaona wewe mwenyewe. Barua kama ile haifanani na zingine.

MAULIZO
1. Kwa nini kamera mbili zinafungwa zikitazamana?
2. Chui na paka wa dhahabu wanawezaje kukaa pori moja?
3. Wavu na waya vinaachana katika nini?
4. Ewango aliokoa nini wakati wa vita? Wewe ungeanza kuficha nini?
5. Kazi ya wiki: andika mambo saba uliyoyaona, moja kila siku. Kama siku moja hukuona kitu, andika hivyo.