SOMO LA MATEMBEZI: TUTASHUKA WANGAPI, TUTARUDI WANGAPI?



Mwezi wa sita unakaribia. Mvua inapungua, vumbi ya njia ya Rutshuru inaanza kupanda, na katika madarasa yote swali ni lile lile la kila mwaka: "Makapita, tunatembea lini?" Safari hii tuko na jibu nusu. Tumeomba Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, mbele ya mitihani, tushuke Goma mpaka bandarini. Bwana Prefe hajakubali bado. Alituambia: "Mniletee mpango kwanza, si hamu." Basi tulikaa, tukaandika. Somo hili ni ule mpango pamoja na sababu zake, ili kila mmoja aelewe kwa nini tumepanga hivi.

Wengine watacheka: Goma si hapa chini tu, kilometa kama 10? Ni kweli. Wengi wetu tunashuka kila juma kuuza makala ao kununua chumvi na sabuni. Lakini kujua soko si kujua mji. Mtu anaweza kusoma hapa Kanyaruchinya miaka sita, kila jioni anaona ziwa linang'aa kule chini, na hajui maji yale yanaelekea wapi, wala gunia la maharagi linalofika bandarini limetoka wapi.

1. KOSA LETU

Tuanze na kosa, ju hapo ndipo mpango huu ulizaliwa. Mwaka uliopita tulitembeza madarasa ya chini mjini. Tulishuka 42. Wakati wa kurudi, tulipofika Munigi, giza linaanza kuingia, binti mmoja akauliza: "Na mdogo wangu iko wapi?" Ndipo tukahesabu, tukajikuta 41. Hakuna kapita hata mmoja aliyekuwa na orodha. Kila mmoja wetu alifikiri mtoto yuko na mwenzake.

Wawili wetu walirudi mbio. Walimkuta Birere, amekaa karibu na fundi wa chukudu, anaangalia namna mpira unapigiliwa ku gurudumu. Hakuwa analia. Alisema tu: "Nilijua mutarudi." Neno lile lilituuma kuliko fimbo. Yeye alijua tutarudi, na sisi hata hatukujua kama tumemwacha!

Tulipohadithia jambo hili, mwalimu mmoja alitutuma kusoma Luka sura ya 2. Yosefu na Maria walitoka Yerusalema, wakatembea siku nzima wakidhani mtoto yuko katika kundi la ndugu. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu. Kudhani yuko na kuona yuko ni mambo mawili.

2. ORODHA NI KITU GANI

Orodha inaonekana kama karatasi ya kusumbua watu. Tuangalie mifano miwili.

Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, Tanzania. Ilikuwa ya kubeba abiria 430. Mamia ya watu walikufa, lakini hesabu kamili ya waliokuwa ndani haikujulikana. Sababu? Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Wale wa daraja la tatu, hapana. Wenye tikiti ya bei ndogo ndio hawakuhesabiwa.

Mfano wa pili tunaujua wote. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wa pwani wanaiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kipimo, ju njia ya gari ilikuwa imefungwa na vita, na watu hawakuwa na namna ingine ya kusafiri. Mkuu wa jimbo la Kivu Kusini alisema walikuwa 278 na kwamba 78 walikufa. Wengine wakatoa hesabu zingine. Jamaa walikaa pwani na mahospitali wakitafuta mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Na sisi wa hapa tuna jambo letu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ililipuka, watu walikimbia huku na huku, wengine Sake, wengine Gisenyi, na watoto wengi wakapotezana na wazazi. Kuna wanafunzi wa shule hii ambao walikuwa kati ya watoto wale.

Kwa hiyo tunaandika hivi katika mpango: orodha ni namna ya kumwambia mtu, "Ukibaki nyuma, tutajua." Orodha itakuwa tatu: moja kwa Bwana Prefe, moja kwa mwalimu anayetuongoza, moja kwa makapita. Tutahesabu mara tano: shuleni, Munigi, bandarini, kabla ya kupanda basi, na shuleni tena. Na kuhesabu kwetu ni kuita jina, mtu aitike mwenyewe. Mwenzake asimwitikie!

3. KWA NINI SI BUKAVU

Wenzetu wa mwaka wa sita walitaka twende Bukavu kwa mashua. Hata sisi makapita tulitaka sana. Ni mji mzuri uliojengwa ku vidole vitano vya nchi vinavyoingia ziwani, na pale ndipo mto Ruzizi unatoka kupeleka maji ya Kivu mpaka Tanganyika. Lakini kuna tikiti ya kwenda, tikiti ya kurudi, kulala na kula. Tuliuliza darasani nani nyumbani kwao wanaweza kulipa. Katika 60, mikono 11 ilisimama.

Tulikaa kimya. Wengi wetu familia zilikimbia vita, wengine walilala chini ya turubai hapa hapa Kanyaruchinya mpaka mwanzo wa 2025. Matembezi ya watu 11 ni matembezi ya hao 11, si ya shule. Bukavu haitakimbia. Tutaifikia siku ingine.

4. HESABU YA FRANKA

Kushuka tutaenda na miguu, ju ni mteremko na asubui kuna baridi. Kurudi tutapanda basi, ju jua ni kali na wadogo watakuwa wamechoka. Kwa hiyo tunalipa njia moja tu.

Tuseme basi inaomba 1.500 kwa kila mtu, na sisi ni 60. Jumla ni 90.000. Sasa tuseme 12 hawana kitu. Wengine watasema, "Hao 12 wabaki." Fanya hesabu kwanza: 1.500 mara 12 ni 18.000. Gawanya kwa 48 wanaobaki: ni 375 kwa kila mmoja. Tukitoa 400 kila mmoja, hata tunabakia na 1.200 ya kununua maji. Kumchukua mwenzako ni franka 400. Kumwacha, hatujui bei yake.

Mwenye kulipa na asiyelipa hawatajulikana. Pesa zote zitaingia kwa mwalimu mmoja, na orodha haitakuwa na alama yoyote mbele ya jina.

5. TUTAJIFUNZA NINI NJIANI NA BANDARINI

Njia yenyewe ni kitabu. Hapa kwetu tutagusa mawe meusi ya 2021, yaliyokata njia ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Munigi tutaonyeshwa upande ambapo ardhi ilipasuka tarehe 17 Januari 2002. Moto ule ulipita ku uwanja wa ndege, ukakata mji katikati, ukaingia ziwani. Mawe hayo hayo leo ndiyo kuta za nyumba na uzio za Goma.

Bandarini kila kundi litakuwa na kazi yake:

a) Jiografia. Ziwa Kivu liko kwa metre kama 1.460 juu ya bahari, na kina chake kinapita metre 480. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkeno za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa, yakatafuta mlango kusini kwa Ruzizi. Mlima unaotuogopesha ndio uliotupatia ziwa.

b) Kemia. Chini kabisa ya ziwa kuna gesi kaboniki na metane nyingi sana. Rwanda wanatoa metane hiyo kutengeneza umeme. Tueleze kwa nini gesi inabaki chini, na kwa nini mazuku inakaa mashimoni.

c) Biolojia. Sambaza tunazokula hazikuzaliwa Kivu. Zililetwa kutoka Tanganyika karibu na 1959. Wavuvi wanazivua usiku kwa taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu. Tutawauliza wenyewe.

d) Biashara. Kusimama pembeni, bila kusumbua wafanyakazi, na kuandika: mashua gani imetoka Idjwi, gani imetoka Kalehe, imebeba nini, na nani anabeba magunia.

e) Hisabati. Kuangalia mashua moja ikipakiwa na kuweka alama ni wapi maji yanafika ubavuni. Uingereza iliweka sheria ya mstari wa mzigo ku meli katika 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia. Maji yakifika ku mstari, mzigo umetosha. Tujadili: bila mstari, nani anaamua kwamba imejaa?

6. SHERIA

Kutoka saa 12.30 asubui, anayefika saa 1 atatukosa. Kila mmoja achukue chakula (viazi, mandazi, kitu chochote, tutakula pamoja) na chupa ya maji. Viatu vifungwe, ju mawe yanakata. Hakuna kuingia majini hata mguu, hata wewe unayejua kuogelea. Hakuna kupanda mashua. Hakuna kukaa shimoni pembeni ya ziwa: mazuku haina rangi, nayo inampata kwanza aliye chini. Mkubwa mmoja na wadogo wawili wanatembea pamoja siku nzima, na majina yao yanafuatana ku orodha. Na ikisikilikana kwamba njia si salama asubui ile, hatuendi. Hakuna kununa.

MASWALI YA KUFANYA NYUMBANI

1. Safari ya watu 75, basi 1.500 kila mmoja, 15 hawana pesa. Wengine waongeze ngapi?
2. Kwa nini ni vigumu kuwatafuta waliopotea kama abiria hawakuandikwa?
3. Uliza mkubwa wa nyumbani: mwaka 2002 mlikimbia mko wangapi, mkarudi wangapi? Andika anavyosema.

Swali la tatu si la pointi. Asiyetaka kulijibu, tutaelewa.

Majina yaletwe kwa makapita wa madarasa kabla ya Ijumaa. Yule mdogo wa chukudu ameleta lake tayari. Tumeliandika la kwanza.

Kapita wa shule, mwaka wa sita,
kwa niaba ya makapita wote